Kijakazi wa Mke wa Naamani: Vita na Imani ya Mtoto

Dominika ya 28 ya Mwaka C
Masomo: 2 Fal 5:14-17, 2 Tim 2:8-13, Lk 17:11-19



Somo la kwanza la Dominika hii limekatwa. Nasema hivyo bila kulilaumu Kanisa, maana masomo ya Misa hayawezi kuwa marefu kama sura nzima ya kitabu. Tumelisikia kuanzia aya ya 14, pale Naamani Mshami anapozama mara saba katika mto Yordani na ngozi yake kuwa safi kama ngozi ya mtoto mdogo. Lakini mwenye kufungua Biblia nyumbani kwake na kuisoma sura ile tangu mwanzo atakutana na mtoto mwingine ambaye Misa haikumtaja. Vikosi vya Washami vilikwenda kuvamia nchi ya Israeli, vikarudi na mateka, na miongoni mwao alikuwamo binti mdogo. Akawekwa kumtumikia mke wa Naamani. Jina lake hatuambiwi. Wala hatuambiwi kama wazazi wake waliuawa, au walibaki hai wakimlilia. Tunaambiwa tu kwamba siku moja binti huyu, akiwa mtumwa katika nyumba ya jemadari ambaye askari wake ndio waliomteka, alimweleza bibi yake kwamba yuko nabii huko Samaria awezaye kumponya bwana.

Sisi wahubiri tumezoea kumsifu binti huyo, na mimi nimemsifu mara nyingi mimbarani. Leo naomba tujiulize kwanza kwa nini tunamstaajabia. Tunamstaajabia kwa sababu jambo la kawaida ni kinyume chake. Mtoto aliyechukuliwa kwa nguvu ya silaha, kwa kawaida hupoteza lugha ya kwao, hupoteza jina lake, na hatimaye humpoteza Mungu wa wazazi wake, au hubaki na Mungu ambaye ni afadhali angempoteza. Nataka tuelewe jinsi jambo hili linavyotendeka, kwa kuwa katekista asiyelielewa anaweza kumjeruhi mara ya pili mtoto ambaye vita vimekwisha kumjeruhi.

Tuanze na swali hili: imani ya mtoto hukaa wapi? Kabla hajaijua Kanuni ya Imani, mtoto amekwisha kusadiki. Humsadiki mama anayesema nitarudi, na kweli akarudi. Humsadiki baba anayefunga mlango usiku na kuwaambia watoto walale. Erik Erikson, mtaalamu wa mambo ya nafsi wa karne iliyopita, alieleza kwamba jambo la kwanza kabisa mtoto analojifunza ni kuwaamini au kutowaamini walio karibu naye, na kwamba dini husimama juu ya msingi huo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao uliiita familia kanisa la nyumbani, wala hilo halikuwa pambo la maneno. Tunapomfundisha mtoto kusema Baba Yetu, neno baba hulichukua kwa mtu anayemfahamu. Sasa vita huvunja pale pale. Mtoto humwona baba yake, ambaye hakupata kumwona akimwogopa mtu yeyote, akipiga magoti mbele ya kijana mwenye bunduki na kuomba asiuawe. Humwona mama akiahidi kurudi na asirudi. Hakuna mtu aliyebishana na mtoto huyo juu ya kuwako kwa Mungu. Nguzo tu ndiyo iliyoondolewa, na paa likashuka lenyewe.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya mbali. Naomba niwasimulie ya hapa.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, vijana wengi wa mkoa wetu wa Mara walikwenda vitani. Kampala ilianguka mwezi wa Aprili 1979 na askari wakarudi kwa shangwe. Lakini baadhi ya bunduki za vita vile zilirudi pia kwa njia zake zenyewe, na wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulifanywa kwa mishale na mikuki, ukapata sauti nyingine. Mwaka 1982 nilikuwa mtoto wa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Usiku mmoja yowe lilipigwa, nasi tukakimbilia shamba la mihogo, bibi yangu, dada zangu wawili na mimi. Tulilala kifudifudi hadi karibu na mapambazuko, tukiona moto wa nyumba upande wa chini. Bibi alikuwa na rozari, akasali kwa kunong'ona, nasi tukamwitikia. Nami nilisali kweli, kwa bidii ambayo sina hakika kama nimepata kuifikia tena tangu nilipopewa daraja la upadre. Nilimwomba Mungu awaue watu wote wa ukoo ule mwingine. Kisha nikakumbuka kwamba katika ukoo ule yuko mwenzangu niliyekaa naye benchi moja katika mafundisho. Nilisita kidogo, halafu nikamwongeza naye katika hesabu.

Ndugu zangu, watu hudhani kwamba vita humfanya mtoto aache kusali. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingine vita humfundisha kusali kwa mungu mdogo, mungu wa ukoo wake peke yake, anayeitwa kwa jina lile lile la Mungu wa kweli. Hali hii ya pili ni ngumu kuitambua, kwa sababu mtoto haachi kuja kanisani. Anakuja, anaimba, anajibu maswali ya katekisimu bila kosa. Mimi nilijibu yote. Kila mapigano ya koo yanapozuka tena katika wilaya yetu, mapanga yakatoka na mabati ya nyumba yakakunjwa kwa moto, tunahesabu waliokufa na ng'ombe waliochukuliwa. Sijasikia mtu akihesabu sala za watoto za usiku ule. (Habari za mgodi na vijana wanaoacha mafundisho kwenda kutafuta mawe ya dhahabu siziingizi hapa leo, zinahitaji siku yake.)

Yako mahali katika Afrika ya Mashariki ambapo jambo hili lilifikia kiasi cha kutisha, nako ni kaskazini ya Uganda. Nitakaa hapo kidogo.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa kundi la Joseph Kony lijulikanalo kama LRA waliivamia shule ya sekondari ya wasichana ya Mtakatifu Maria, Aboke, katika Jimbo la Lira. Shule hiyo ilikuwa chini ya masista Wakomboni. Waasi waliwafunga kamba wasichana 139 na kwenda nao porini. Sista Rachele Fassera, Mwitalia aliyekuwa naibu wa mkuu wa shule, hakungoja jeshi. Aliwafuata kwa miguu akiwa na mwalimu mmoja wa kiume, akawapata, akamsihi kamanda wao. Kamanda yule aliandika hesabu yake ardhini: wasichana ni 139, nitakupa 109, nitabaki na 30. Sista alipiga magoti, akajitoa achukuliwe yeye badala yao. Alikataliwa. Akarudi na wale 109, na nadhani ni wachungaji wachache duniani walioonja uchungu wa kurejea na kondoo wengi namna hiyo huku moyo umebaki nyuma na wachache.

Wale 30 waligawanywa kwa makamanda kuwa wake zao. Wengine walikufa huko. Wengi walitoroka mmoja mmoja kwa miaka iliyofuata, na kulikuwa na aliyerudi mwaka 2009, yaani zaidi ya miaka 12 baadaye. Nao walikuwa sehemu ndogo tu: inakadiriwa kwamba watoto zaidi ya 20,000 walitekwa na kundi hilo, wengi wao wakiwa hawana shule ya kuwasemea wala sista wa kuwafuata.

Sasa sikilizeni jambo linalotuhusu sisi wenye kufundisha dini. Kony hakuwaambia watoto wale kwamba Mungu hayupo. Alisema anapigana ili nchi itawaliwe kwa Amri Kumi. Alikulia katika familia ya Kikatoliki. Kabla yake alikuwako Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, ambaye mwaka 1987 aliwaongoza wafuasi wake karibu hadi Jinja wakiwa wamepakwa mafuta ili risasi zisiwadhuru, nao wakafa kwa wingi. Kony aliiga mengi kwake. Mtoto aliyetekwa alipakwa mafuta mwilini kwa alama ya msalaba, akaambiwa kwamba sasa amekwisha kuwa mtu wa jeshi takatifu. Aliambiwa kwamba roho humwonyesha Kony mawazo ya kila mmoja, hivi kwamba mtoto akifikiri tu kutoroka, atajulikana. Wako waasi waliovaa rozari shingoni. Na mtoto aliyejaribu kutoroka akakamatwa, wenzake ndio walioamriwa kumpiga hadi afe, ili kila mmoja wao awe na damu mkononi na aone kwamba hana tena pa kurudi.

Tafakarini basi. Mtoto huyo anarudi. Anawekwa katika darasa la Kipaimara. Katekista mwema, asiyejua lolote, anasimama na kufundisha kwamba Mungu huona yote, hata mawazo ya siri ya moyo. Kwa mtoto wa kawaida mafundisho hayo ni ya kutia nguvu. Mtoto yule anasikia sauti ya nani? Kisha Askofu anafika, anachovya kidole katika krisma, anamchora msalaba katika paji la uso. Je, ngozi ile inakumbuka nini? Ndiyo maana nasema kwamba ubaya mkubwa wa vita vya namna ile haukuwa kuwanyima watoto sakramenti. Waliwapa za bandia, nazo bandia zikatangulia kukalia nafasi ya zile za kweli.

Kuna pia jambo la jina. Kitabu cha Danieli kinaanza na vijana wanne wa Yuda waliochukuliwa mateka hadi Babeli. Jambo la kwanza walilofanyiwa na mkuu wa matowashi lilikuwa kubadilishwa majina: Danieli akawa Belteshaza, na wenzake watatu wakawa Shadraka, Meshaki na Abednego. Katika lugha ya Kiebrania majina yao ya kwanza yalimtaja Mungu wa Israeli. Yale mapya yalielekea miungu ya Babeli. Mfalme hakuwa mjinga. Alijua kwamba mtu humwitikia yule anayemwita.

Kaskazini ya Uganda ilitokea hata wazazi wenyewe kuwafundisha watoto wao kusema jina la uongo wakitekwa, ili waasi wasirudi kuiangamiza familia. Mmoja wa watoto hao alikamatwa akiwa njiani kwenda shule, akiwa na umri wa miaka tisa hivi. Inaelezwa kwamba nyumbani aliitwa Dominiko Savio, kwa jina la yule mtakatifu kijana wa Torino ambaye watoto wetu wa Utoto Mtakatifu wanamfahamu, na kwamba kwa waasi alisema jina lingine la ukoo: Ongwen. Jina hilo ndilo lililokua naye. Ndilo lililopandishwa vyeo hadi ukamanda, ndilo lililoandikwa katika hati ya Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai, na tarehe 4 Februari 2021 ndilo lililosomwa alipotiwa hatiani kwa makosa 61, na baadaye kuhukumiwa kifungo cha miaka 25. Majaji walitambua kwamba aliteswa utotoni. Walitambua pia kwamba alipokuwa mtu mzima aliwatendea watoto wengine yale yale. Mimi si mwanasheria, wala sitaki kupunguza machozi ya wale aliowaumiza. Lakini nilipoisikia hukumu ile, nilijiuliza Dominiko Savio alikwisha lini, na kama alikwisha.

Mwaka 1994 nilikuwa frateri katika Seminari Kuu ya Ntungamo, karibu na Bukoba. Mwishoni mwa mwezi wa Aprili mwaka ule, katika muda wa siku moja hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Mtakumbuka, ninyi wenye umri wangu, kwamba mto Kagera ulileta maiti hadi Ziwa Viktoria, na watu wakaogopa kula samaki. Wakati wa likizo nilipelekwa na wenzangu kambini Benaco kusaidia mafundisho ya watoto. Kanisa lilikuwa turubai juu ya miti. Kulikuwa na mvulana wa miaka kama kumi aliyekuja kila siku na kukaa nje, hatua ishirini hivi kutoka kwenye turubai, akisikiliza. Nilimkaribisha ndani, akatikisa kichwa. Siku ya pili nilimshika mkono, kwa wema kama nilivyodhani, nikamvuta. Alipiga kelele ambayo hadi leo naweza kuisikia. Mama mmoja akanisogelea na kuniambia polepole: Frateri, mwache, watu wake waliuawa kanisani. Hakuniambia mtoto yule alikuwa wa upande gani, nami sikuuliza.

Ni kweli iliyo chungu kwamba katika mauaji yale ya Rwanda watu wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia wakitumaini usalama: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye isiyo mbali na mpaka wetu. Na miongoni mwa wauaji walikuwamo Wakristo, hata baadhi ya watumishi wa Kanisa. Tarehe 20 Machi 2017 Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi hizo. Mvulana wa Benaco hakuwa amepoteza imani kwa mabishano ya wasomi. Alikuwa amejifunza kwa macho yake kwamba mlango wa kanisa ndipo watu wanapofia. Hata hivyo alikuja kila siku akakaa hatua ishirini. Nilichelewa mno kuelewa kwamba hatua zile ishirini zilikuwa ndizo sala yake.

Turudi kwa Naamani. Mwishoni mwa somo anaomba udongo, mzigo wa nyumbu wawili, ili akifika kwao amwabudu Mungu wa Israeli juu ya udongo wa Israeli. Wataalamu wa Maandiko hueleza kwamba watu wa nyakati zile waliona kila mungu ana nchi yake. Iwe hivyo. Mimi ninaposoma aya hiyo namfikiria binti. Jemadari aliruhusiwa kuchukua mizigo miwili ya udongo. Yeye alichukuliwa bila hata konzi moja. Hakuwa na hekalu, hakuwa na sabato ya kupumzika, maana mtumwa hujipangii siku, hakuwa na bibi wa kusali naye kwa kunong'ona. Watoto wa vita hupoteza hata hesabu ya siku. Wengi waliorudi kutoka porini hawakujua umri wao wala Dominika ni lini, wala Pasaka ilikuja mara ngapi walipokuwa huko. Hilo ni jambo dogo machoni petu, lakini kalenda ya Kanisa ni uti wa mgongo wa imani ya watu wa kawaida. Mtu hukumbuka alizaliwa karibu na Noeli, akabatizwa Pasaka ya mwaka fulani. Ondoa hayo, naye hajui tena aseme yeye ni nani.

Basi tufanye nini sisi wenye vigango?

Kwanza tuache maneno fulani. Tusimwambie mtoto aliyemwona mama yake akiuawa kwamba hayo ni mapenzi ya Mungu. Si kweli, na yeye atayasadiki, ndipo hatari ilipo. Msiba unapotupata sisi watu wazima huwa tunasema hivyo ili kunyamazishana. Mtoto hulichukua neno kama lilivyo, akaondoka na Mungu mwuaji. Ni heri kukaa naye kimya na kumpa uji.

Aidha, tusiharakishe Kitubio. Najua bidii yenu: mtoto amerudi, au ametoka katika mapigano, au alishika panga akiwa na kaka zake, nanyi mnataka atakaswe upesi. Kanisa linafundisha, katika Katekisimu namba 1735, kwamba lawama ya tendo hupungua au hata kuondolewa kwa hofu, kwa kulazimishwa na kwa sababu nyingine za namna hiyo. Mtoto aliyeua akiwa ameelekezewa bunduki anahitaji kwanza kusikia kwamba alitendwa, kabla ya kuulizwa alitenda nini. Baadaye, akitaka mwenyewe kusema, padre awepo. Wala tusimsimamishe kanisani kutoa ushuhuda. Nimeona jambo hilo likifanyika kwa nia njema, waamini wakalia na kupiga makofi, na kijana hakuonekana tena.

Katika Injili ya leo Yesu anawatuma wenye ukoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani. Kwa nini? Kwa sababu chini ya Sheria ya Musa kuhani ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutamka kwamba mtu huyu si najisi tena, arudi kijijini, aingie nyumbani kwake. Uponyaji usiotambuliwa na jumuiya ulikuwa nusu. Waacholi wana desturi inayofanana kwa namna fulani: mtoto aliyetoka porini hukaribishwa kwa kukanyaga yai bichi mbele ya wazee na ndugu kabla ya kuingia uani. Wako waliolikemea jambo hilo kuwa la kipagani. Mimi naona ndani yake hekima ambayo Jumuiya zetu Ndogo Ndogo zinaikosa: watu wote wanakuja, wanamtazama mtoto machoni, na kuanzia siku hiyo hakuna ruhusa ya kumwita mwuaji. Sisi huku tukipatanisha koo hukutana wazee, viongozi wa serikali na mapadre, tunaandika, tunatia sahihi. Watoto hawaalikwi. Wanaambiwa jioni kwamba sasa kuna amani, nao hawana sababu ya kuisadiki.

Mwaka 2003, watoto wa vijiji vya Gulu walikuwa wakitembea kila jioni kwenda mjini kulala barazani na katika vituo vya mabasi ili wasitekwe. Wakati mwingine walifikia maelfu kwa maelfu. Askofu Mkuu Yohane Baptista Odama pamoja na viongozi wengine wa dini walichukua mablanketi wakaenda kulala nao barabarani kwa siku nne. Hawakuwa na mahubiri ya kutoa usiku ule. Watoto waliamka asubuhi wakamwona Askofu amelala chini kama wao.

Na wazazi wa Aboke? Walikuwa wakikutana kusali kwa ajili ya binti zao. Angelina Atyam, mmoja wa akina mama hao, amesimulia mara nyingi kwamba siku moja walisali Baba Yetu, wakafika mahali pa kuomba kusamehewa kama wanavyosamehe, na wote wakanyamaza. Hakuna aliyeweza kuendelea. Waliondoka siku ile sala ikiwa katikati. Baadaye mama huyo alikwenda kumtembelea mama mzazi wa kamanda aliyemshika binti yake, wakakumbatiana. Waasi walipopeleka ujumbe kwamba binti yake ataachiwa iwapo mama ataacha kupiga kelele duniani, alijibu kwamba anawataka wote. Binti yake alitoroka mwaka 2004, akiwa na watoto aliozaa porini, na kazi mpya ikaanza: wajukuu wale waitwe nani, na wa ukoo gani.

Mtume Paulo anamwandikia Timoteo kutoka kifungoni, amefungwa minyororo kama mhalifu. Anamweleza kwamba hata tukikosa uaminifu, Kristu hubaki mwaminifu, kwa kuwa hawezi kujikana mwenyewe. Kwa mtu mzima mzembe aya hiyo ni onyo na faraja kwa pamoja. Kwa mtoto niliyemweleza leo, naomba muisome kuwa faraja tupu. Yeye akilisahau jina lake, liko katika daftari la Ubatizo la parokia, likingoja. Nendeni mkalitafute, na akirudi mwiteni kwalo. Mvulana wa Benaco sikupata kujua jina lake. Kwa siku zilizobakia niliyatoa mafundisho nje ya turubai, na alisogea kidogo.

Kuhusu yule mwenzangu wa benchi moja: baada ya usiku ule wa mwaka 1982 hakuja tena mafundishoni. Kwao nako palichomwa moto wiki iliyofuata, na watu wetu ndio waliochoma. Katekista wetu, aliyekuwa wa ukoo wetu, alichukua baiskeli yake akavuka mpaka ambao wakati ule hakuna mwanaume wa kwetu aliyeuvuka peke yake. Alikwenda mara tatu. Mara ya tatu alirudi naye amempakia nyuma, akamkalisha benchi lile lile, kando yangu, akaendelea na somo la siku bila kueleza kitu. Komunyo ya Kwanza iliahirishwa kwa mwaka mmoja kwa ajili ya machafuko. Tuliipokea pamoja mwaka 1983, yeye akiwa amevaa shati jeupe la mtoto wa katekista, ambalo mikono yake ilikuwa mirefu mno, akaikunja mara mbili.